Sura ya Tano: Mafiga Matatu ya Wahafidhina

Tarehe 29 Septemba 2021, chama cha kitaifa cha bodi za shule nchini Marekani kilimwandikia Rais Joe Biden barua ya kuomba ulinzi. Wajumbe wa bodi hizo kwa kawaida ni watu wa mtaani tu, waliopigiwa kura na majirani zao wasimamie bajeti na mitaala ya shule za wilaya. Vikao vyao huwa vya jioni, na zamani haikuwa ajabu kikao kizima kumalizika bila msikilizaji hata mmoja. Mwaka ule vilifurika. Wazazi walikuja na hasira za barakoa za korona, kisha za namna historia ya ubaguzi wa rangi inavyofundishwa, kisha za vitabu vya maktaba. Walipaza sauti, wengine wakatukana, na wapo wajumbe waliotumiwa vitisho vya kuuawa.

Barua hiyo ingeishia kuomba polisi, huenda isingekumbukwa na mtu. Lakini ilikwenda mbali zaidi. Ilisema baadhi ya vitendo hivyo vyaweza kuhesabiwa sawa na ugaidi wa ndani ya nchi, na ikaiomba serikali ipitie sheria zote ilizonazo, ikiwemo ile iitwayo Patriot Act. Siku tano baadaye Mwanasheria Mkuu, Merrick Garland, akatoa waraka akiwaagiza maofisa wa FBI wakutane na viongozi wa maeneo kuzungumzia vitisho hivyo. Waraka wa Garland haukutaja ugaidi hata mara moja, ila hilo halikusaidia kitu. Kufikia tarehe 22 Oktoba chama kilikuwa kimeomba radhi kwa lugha iliyotumika katika barua, na vyama vya majimbo kadhaa vikaanza kujitoa. Maji yalikwisha kumwagika. Kwa mama wa Virginia au Ohio aliyekwenda kikaoni na karatasi yake mkononi, habari aliyoipata ni moja: serikali imeniita gaidi.

Sheria iliyotajwa katika barua ile haikutungwa na wapinzani wa mama huyo. Ilisainiwa na George W. Bush, rais wa chama chake cha Republican, wiki sita na ushei baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Seneti iliipitisha kwa kura 98 dhidi ya 1, na wahafidhina ndio waliokuwa mstari wa mbele kuitetea. Miaka ishirini baadaye kuna mtu alikuwa akipendekeza itumike dhidi yao.

Ili kuelewa jinsi walivyofika hapo, lazima turudi kwa Ronald Reagan, rais wa miaka ya 1980. Watu wake walipenda kuieleza kambi yao kuwa ni kigoda cha miguu mitatu. Sisi tuseme mafiga, maana msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa siasa za mafiga matatu. Amezisikia kila kampeni, rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, chungu kisipinduke. Mafiga ya Reagan yalikuwa ya namna nyingine. La kwanza ni wale waliotaka taifa lenye jeshi kubwa na msimamo mkali dhidi ya adui wa nje, ambaye wakati ule alikuwa Moscow. La pili ni watu wa kanisa na familia. La tatu ni wafanyabiashara na wanauchumi wa soko huria, waliochukia kodi, kanuni na ushuru. Makundi haya hayakuwa yakipendana sana. Waandishi wa jarida la National Review, lililoanzishwa mwaka 1955, walitumia miaka mingi kuyashawishi kwamba yana adui mmoja, ukomunisti, na kwamba mwenye kupenda mila na mwenye kupenda soko wanaweza kula sahani moja.

Ukiwasikiliza wahafidhina wenyewe, kilichowaunganisha ni imani kwamba serikali iwe ndogo. Wanaowapinga hujibu kuwa huo ni uongo, kwa sababu serikali yenye bajeti ya jeshi kama ile haiwezi kuitwa ndogo. Mimi naona wote wawili wanakosea swali. Katika ugaidi, katika malezi na katika biashara, wahafidhina wa Marekani wamekuwa wakiuliza zaidi mpini uko mkononi mwa nani kuliko serikali ina ukubwa gani. Jibu likibadilika, nao hubadilika, na mara nyingi wana sababu za maana za kufanya hivyo.

Tuanze na ugaidi, na tuanzie nyumbani, kwa kuwa hapa ndipo mjadala ule ulipotugusa sisi kabla haujawagusa wao. Agosti 7, 1998, asubuhi ya Ijumaa, mabomu yaliyopakiwa kwenye magari yalilipuka karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wamarekani walikuwa 12 tu kati ya hao. Wengine ni makarani wa jengo la jirani, abiria wa mabasi, wapita njia wa Haile Selassie Avenue, walinzi wa getini. Rais Bill Clinton alijibu kwa makombora Afghanistan na Khartoum, kisha akawaachia kazi wapelelezi na waendesha mashtaka. Kesi ikaenda New York, na mwaka 2001 washtakiwa wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Kwa wahafidhina wengi, hilo ndilo lilikuwa kosa lenyewe. Kumchukulia mtu aliyetangaza vita kama mwizi wa benki, walisema, ni kumpa wakili, muda na jukwaa, huku wenzake wakipanga shambulio jingine. Hoja hii si ya kipuuzi, hasa ukizingatia kwamba miezi michache baada ya hukumu ya kwanza kusomwa, minara miwili ya mji uleule wa New York ilianguka.

Lakini tazama kilichompata Ahmed Khalfan Ghailani. Huyu ni Mtanzania, mzaliwa wa Zanzibar, aliyetuhumiwa kushiriki maandalizi ya bomu la Dar es Salaam. Alikamatwa Pakistani mwaka 2004, akashikiliwa katika magereza ya siri ya CIA, na mwaka 2006 akapelekwa Guantanamo. Serikali ya Barack Obama ilimtoa huko ikampeleka katika mahakama ya kiraia ya New York, ili kuonyesha kwamba mahakama za kawaida zinaiweza kazi hiyo. Kabla kesi haijaanza, Jaji Lewis Kaplan alimzuia shahidi muhimu, mtu aliyekuwa aseme kwamba alimwuzia Ghailani baruti, kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kutokana na mahojiano ya kumlazimisha mshtakiwa akiwa mikononi mwa CIA. Novemba 2010 baraza la mahakama lilimwona hana hatia katika mashtaka 284 na likamtia hatiani kwa shtaka moja, la kula njama ya kuharibu mali na majengo ya serikali ya Marekani. Vifo vya watu 224 havikumwangukia hata kimoja.

Wabunge wa Republican walipandwa na hasira. Wiki chache baadaye Bunge likapiga marufuku kutumia fedha za bajeti ya ulinzi kuwahamishia mahabusu wa Guantanamo ndani ya Marekani, na Ghailani akabaki kuwa wa kwanza na wa mwisho kutoka kule kusimama mbele ya mahakama ya kiraia. Waliotetea mahakama walikuwa na jibu lao: kwa shtaka lile moja alipewa kifungo cha maisha, na yumo gerezani hadi leo. Kwa upande mwingine, kesi ya Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga Septemba 11, iliachwa kwa mabaraza ya kijeshi ambayo wahafidhina waliyataka, na mwaka 2025 ulikwisha bila hukumu. Sijaona mhafidhina mashuhuri aliyekaa chini akaulinganisha mwendo wa kesi hizi mbili kwa utulivu. Wala sikusikia, katika kelele zote zile za Washington, mtu akiwauliza wafiwa wa Nairobi na Dar es Salaam wangependa kesi iende wapi.

Ndani ya kambi yenyewe, hata hivyo, hofu ya mpini ilikuwepo tangu mwanzo. Wabunge wa Republican waliopiga kura ya hapana kwa Patriot Act walikuwa watatu tu. Mmoja wao ni Ron Paul wa Texas na mwingine Butch Otter wa Idaho, jimbo la milima ambako watu humtilia shaka hata karani wa posta. Kilichowaudhi zaidi ni vifungu viwili. Kimoja kiliruhusu maofisa kupekua nyumba na kumwarifu mwenyewe baadaye. Kingine, kifungu cha 215, kiliwapa njia ya kudai kumbukumbu za mtu kutoka kwa yeyote anayezitunza, hata mkutubi. Bob Barr wa Georgia, aliyekuwa amepiga kura ya ndiyo, alijutia kura yake na kuunda muungano wa kudai sheria irekebishwe. Wakati huo waliitwa wasumbufu.

Usumbufu uligeuka kuwa msimamo wa wengi mara tu Ikulu ilipopata mpangaji mwingine. Machi 6, 2013, seneta Rand Paul, mwana wa Ron, alisimama katika ukumbi wa Seneti kabla ya saa sita mchana na kuongea kwa karibu saa 13, akitaka Obama aseme wazi kama rais anaweza kumwua raia wa Marekani ndani ya nchi kwa ndege isiyo na rubani. Maseneta wa chama chake, wakiwemo waliokuwa kimya miaka yote ya Bush, walikuja mmoja mmoja kumpokea kijiti. Miezi mitatu baadaye Edward Snowden akafichua kwamba kifungu kile cha 215 ndicho kilichokuwa kikitumika kukusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani.

Kisha akaja Donald Trump. Februari 2016, kwenye mdahalo wa wagombea huko South Carolina, jimbo lenye kambi nyingi za kijeshi, alisema vita vya Irak vilikuwa kosa kubwa, akamlaumu Bush mbele ya mdogo wake Bush, Jeb. Wachambuzi walidhani amejimaliza. Wiki moja baadaye alishinda jimbo lile, na Jeb akajitoa usiku uleule. Figa la kwanza lilikuwa limehamishwa. Tishio la ugaidi lilibaki, lakini mahali pa kulizuia palihama kutoka Baghdad na Kandahar hadi dirisha la viza na ukuta wa mpakani. Amri yake ya Januari 2017 iliwafungia mlango raia wa nchi saba, Somalia na Sudan zikiwemo, na baada ya kuandikwa upya ilipitishwa na Mahakama ya Juu Juni 2018 kwa majaji 5 dhidi ya 4. Juni 2025 ilirudi kwa sura pana zaidi, na Burundi ikawekewa vizuizi nusu. Desemba ya mwaka huohuo Tanzania nayo ikaingizwa. Kufikia hapo hoja si mabomu tena. Kwa nchi kama zetu, sababu kuu iliyotajwa ni wageni wanaopitiliza muda wa viza zao. Mwaka huo pia neno gaidi lilipelekwa kwenye magenge ya dawa za kulevya ya Mexico na Venezuela.

Na huyohuyo Trump, Aprili 2024, akiwa hana cheo, aliwataka wabunge wake waiue sheria ya upelelezi iitwayo FISA, kwa kuwa iliwahi kutumika kumpeleleza mtu wa kampeni yake. Wabunge 19 wa Republican walimsikiliza, wakaukwamisha mswada kwa siku mbili.

Figa la wazazi ndilo lililosogea kidogo kuliko yote, na ndilo lenye historia ndefu zaidi. Kwa maoni yangu ndilo lenye uzito pia, maana wengi wetu tuliolelewa na shangazi, bibi na nusu ya mtaa hatuwezi kulisoma bila kujiuliza maswali. Mwaka 1919, Marekani ikiwa na chuki ya Wajerumani baada ya vita, jimbo la Nebraska lilipiga marufuku kumfundisha mtoto lugha ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane. Mwalimu mmoja wa shule ya kanisa alikutwa akimsomesha kijana wa miaka 10 Biblia kwa Kijerumani, akatozwa faini ya dola 25. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ilimfutia hatia. Oregon nayo, kwa kura ya wananchi iliyoungwa mkono na Ku Klux Klan, iliamuru kila mtoto asome shule ya serikali, lengo likiwa kuzifunga shule za Wakatoliki. Mwaka 1925 majaji waliitupa sheria hiyo wakisema mtoto si kiumbe cha serikali tu. Wanaomlea wana haki, na wajibu, wa kumwandaa. Mwaka 1972 Waamishi wa Wisconsin, waliotozwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kutowapeleka watoto sekondari, walishinda kwa msingi huohuo.

Waliolindwa na hukumu hizo walikuwa wachache: Wajerumani, Wakatoliki, Waamishi. Haki za wazazi zilianza kama ngao ya wanyonge dhidi ya wengi. Miaka ya 1980 Waprotestanti wa kiinjili, ambao kwa vizazi waliziona shule za serikali kuwa zao, walianza kujiona nao kuwa wachache. Walianza kuwafundisha watoto nyumbani, jambo ambalo katika majimbo mengi lilikuwa kosa au karibu na kosa, na mwaka 1983 wanasheria wao, Michael Farris akiwemo, wakaanzisha chama cha kuwatetea mahakamani. Miaka kumi baadaye kumfundisha mtoto nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50.

Ndiyo sababu maneno ya Terry McAuliffe yaliwaka kama petroli. Mgombea huyo wa ugavana wa Virginia alisema kwenye mdahalo, siku moja tu kabla ya ile barua ya bodi za shule, kwamba haoni wazazi waziambie shule cha kufundisha. Unaweza kumtetea; hakuna shule inayoweza kuendeshwa na wazazi mia tano kila mmoja na mtaala wake. Lakini shule za kaunti kubwa za jimbo hilo zilikuwa zimefungwa kwa miezi mingi wakati wa korona, na wazazi walikuwa wamekaa pembeni ya kompyuta wakisikia kila somo. Mpinzani wake, Glenn Youngkin, aliyatumia maneno hayo katika matangazo hadi siku ya kura, akashinda jimbo ambalo Biden alikuwa amelichukua kwa pointi 10 mwaka uliotangulia.

Ushindi mkubwa ulikuja mahakamani, na sura zake hazikuwa zile ambazo mtu angetarajia. Kaunti ya Montgomery, Maryland, iko kando ya Washington na imejaa wahamiaji. Ukishuka Silver Spring utanunua injera kwa urahisi kuliko chapati. Shule zake ziliingiza katika madarasa ya watoto wadogo vitabu vya hadithi vyenye wahusika mashoga na waliobadili jinsia. Mwanzoni mzazi aliruhusiwa kumtoa mtoto darasani vinaposomwa. Machi 2023 ruhusa hiyo ikafutwa kwa maelezo kwamba maombi yalikuwa mengi mno na watoto wengine waliumia kuona wenzao wakitoka. Waliokwenda mahakamani ni Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi. Katika maandamano ya Rockville kiangazi kile, akina mama wa Kiethiopia wenye shela nyeupe za netela walisimama bega kwa bega na wenye hijabu. Juni 27, 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3, hukumu ikiandikwa na Jaji Samuel Alito, kwamba wazazi wana haki ya kuarifiwa na kumwondoa mtoto wakati kesi ikiendelea. Jaji Sonia Sotomayor aliyepinga alionya kwamba hakuna shule itakayoweza kukisia kila kinachoweza kugusa imani ya kila nyumba.

Mhafidhina mkweli atakubali kwamba haki hii nayo hupimwa kwa mpini. Februari 2022 gavana wa Texas, Greg Abbott, aliiagiza idara ya ustawi wa watoto ichunguze wazazi waliowapeleka watoto wao kupata tiba za kubadili jinsia. Wazazi hao walikuwa wamekaa na madaktari, wameamua. Tennessee ilipiga marufuku tiba hizo kwa walio chini ya miaka 18, na kesi ilipofika Washington, majaji walikataa kuisikiliza hoja ya haki za wazazi, wakachukua ile ya usawa peke yake, na Juni 18, 2025, siku tisa kabla ya ushindi wa Montgomery, wakaiacha sheria isimame. Wahafidhina hujibu kwamba haki ya kulea haikuwahi kuwa haki ya kudhuru. Jibu hilo lina mantiki, na ndilo hasa ambalo maofisa wa Nebraska na Oregon wangelitoa mwaka 1922.

Tukifika kwenye biashara, figa halikusogezwa, liling'olewa. Ni vyema kukumbuka kwamba chama cha Republican kilikuwa chama cha ushuru tangu miaka yake ya mwanzo. Abraham Lincoln aliuamini, na William McKinley alipata jina kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890. Mwaka 1930 wanauchumi zaidi ya 1,000 walimwomba Rais Herbert Hoover asisaini sheria ya Smoot-Hawley. Alisaini, nchi nyingine zikalipiza, na biashara ya dunia iliyokuwa tayari inaporomoka ikazidi kuporomoka. Baada ya Vita vya Pili soko huria likawa imani ya chama, na Reagan ndiye mhubiri wake. Hata hivyo mhubiri huyo aliwabana Wajapani wapunguze magari wanayoleta, na mwaka 1983 akapandisha ushuru wa pikipiki kubwa hadi zaidi ya asilimia 45 ili kuiokoa Harley-Davidson. Kijana mmoja katika ofisi yake ya biashara, Robert Lighthizer, alijifunza kutokana na matendo yake zaidi ya mahubiri. Tutakutana naye tena.

Miongoni mwa wa kwanza kusema hadharani kwamba soko huria linawaumiza wapiga kura wa chama alikuwa Pat Buchanan. Alikuwa amefanya kazi Ikulu chini ya zaidi ya rais mmoja, na aliisifu biashara huru hadi alipokwenda kuomba kura New Hampshire, Desemba 1991. Mwenyewe amesimulia mara nyingi alivyofika kwenye kiwanda cha karatasi cha Groveton, mji mdogo wa kaskazini, akawakuta wafanyakazi kwenye foleni ya bata mzinga wa Krismasi. Kazi zilikuwa zinapunguzwa. Mmoja wao, aliyekuwa hajainua macho, alimtazama na kumwomba aokoe kazi zao. Buchanan alishindwa na Rais Bush mkubwa, baba yake George W., na mwaka 1993 mkataba wa NAFTA na Kanada na Mexico ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura za Republican 132 na Democrat 102. Ndiyo, wahafidhina ndio walioupitisha. Mwaka 2000 wakaifungulia mlango China, iliyojiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Kati ya mwaka 2000 na 2010 ajira za viwandani Marekani zilishuka kutoka milioni 17 hadi chini ya milioni 12. Mashine zilikula nyingi, lakini uchunguzi wa wanauchumi kama David Autor ulionyesha kwamba miji iliyoshindana na bidhaa za China haikupona haraka kama vitabu vilivyoahidi. Miji hiyo ndiyo iliyompa Trump ushindi mwaka 2016, na mjumbe wake wa biashara akawa yuleyule Lighthizer.

Sisi tulikutana na siasa hizo mpya kupitia marobota. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakikutana Arusha, walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua mitumba na viatu vilivyokwisha valiwa hadi viishe kabisa, ili viwanda vya nguo vipumue. Mtu yeyote aliyewahi kupita Gikomba, Karume au Owino anajua hilo lilikuwa jambo zito. Kuna familia zinazosomesha watoto kwa kufungua robota alfajiri na kuchagua kamera, zile nguo bora. Lakini hoja ya wakuu ilikuwa ileile ya mfanyakazi wa Groveton. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kililalamika kwa ofisi ya Lighthizer, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Ofisi ikatishia kuziondoa nchi zetu katika AGOA, mpango uliokuwa ukiruhusu nguo zetu kuingia kwao bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vya kuuza nje vya Athi River, ililegeza mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa AGOA. Miezi minne kabla, serikali hiyohiyo ilikuwa imeweka ushuru wa asilimia 25 kwa chuma cha kigeni ili kulinda viwanda vyake.

Nimesikia wenzetu wakiita huo unafiki. Kwa kipimo cha soko huria, ni unafiki mtupu. Lakini Lighthizer hakuwa akitumia kipimo hicho, na hakuficha. Kwake ushuru ni chombo cha nchi moja kulinda watu wake, na mwenye soko kubwa ndiye anayeamua chombo kitumike lini. Wanaomfuata, kama Oren Cass aliyeanzisha taasisi ya American Compass mwaka 2020, wanasema familia imara haijengwi na bei nafuu ya fulana, inajengwa na baba au mama mwenye kazi ya maana. Hapo watu wa kanisa huitikia amina, na watu wa soko huria hushika vichwa.

Walioshika vichwa bado wapo. Februari 2025 Trump alitangaza hali ya dharura juu ya dawa ya fentanyl na kuitumia kuweka ushuru kwa bidhaa za Kanada, Mexico na China, akiegemea sheria ya mwaka 1977 iliyokusudiwa kwa maadui wa usalama wa taifa. Aprili 2 akatangaza ushuru wa asilimia 10 kwa karibu kila nchi, Kenya na Tanzania zikiwemo, na asilimia 50 kwa Lesotho. Katiba inawapa wabunge, si rais, mamlaka ya kutoza ushuru. Kentucky, jimbo linalotengeneza sehemu kubwa ya wiski ya bourbon, ilikuwa tayari imeshuhudia chupa zake zikiondolewa kwenye rafu za Kanada. Jioni ileile ya Aprili 2, maseneta wake wote wawili, Rand Paul na Mitch McConnell, pamoja na Warepublican wengine wawili, waliungana na Democrat kupiga kura 51 dhidi ya 48 za kuifuta dharura ya Kanada.

Kwa mujibu wa sheria, azimio kama hilo likishapita upande mmoja, upande wa pili una siku maalumu za kulifanyia kazi. Viongozi wa Republican katika Baraza la Wawakilishi walikwisha kuliona hilo. Tarehe 11 Machi, ndani ya kanuni za kujadili mswada wa bajeti, walipitisha kifungu kinachosema kwamba, kwa dharura ile, siku zote zilizobaki katika kikao hicho hazitahesabiwa kuwa siku za kalenda. Azimio la Seneti lilifika kwenye ukumbi ambao siku zake zilikuwa hazihesabiwi, likakaa hapo.